Mkopo wa serikali kwa anayetaka kufungua duka la wakala

BIASHARA inayoendeshwa kwa jina na nembo ya kampuni nyingine si jambo geni katika kaunti za Migori na Homa Bay. Iliyo karibu zaidi na wananchi ni ile ya wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007, au wakala wa benki, kuanzia Isebania mpakani hadi Mbita. Rangi na kanuni za duka ni za kampuni, ilhali mtaji na hasara ni za mwenye duka. Kenya haina sheria maalum ya mikataba ya aina hii, hivyo basi kinga ya mwombaji ni mkataba wenyewe.

Serikali ilianzisha Hazina ya Vijana mwaka wa 2006, kisha ya Wanawake 2007. Hazina ya Uwezo ilizinduliwa Septemba 2013 kwa Sh6 bilioni zilizokuwa zimetengewa duru ya pili ya uchaguzi wa urais, ambayo haikufanyika. Fedha zake ziligawiwa maeneobunge, na kaunti hizi mbili zina manane kila moja. Kanuni za 2014 ziliwalenga vijana wa miaka 18 hadi 35 na wanawake walio katika vikundi vilivyosajiliwa, vyenye akaunti ya benki na desturi ya kuweka akiba pamoja. Mkopo ulikuwa kati ya Sh50,000 na Sh500,000, bila riba ila ada ya asilimia tatu, na malipo yakisubiri miezi sita.

Miezi hiyo sita si jambo dogo ufuoni mwa Ziwa Victoria. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na wavuvi wasipopata pesa, wakala wa Muhuru Bay naye hukaa bila wateja. Huko Awendo, kinachosubiriwa ni malipo ya miwa.

Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, ilianza kwa mikopo ya mtu binafsi ya Sh500 hadi Sh50,000 kwa riba ya asilimia nane kwa mwaka, ikilipwa baada ya siku 14. Muda huo humfaa muuza mboga kuliko wakala, ambaye hutegemea kamisheni ndogondogo. Hatari kubwa ni kuchota floti, yaani pesa za kuhudumia wateja, ili kulipa deni. Floti ikipungua, wateja hurudishwa, na kamisheni ambayo ingelipa mkopo hupotea. Mkopo wa vikundi ulifuata Juni 2023.

Mwenye biashara kubwa kidogo alilengwa na Mpango wa Dhamana ya Mikopo wa 2020, ambapo benki ndizo zilizokopesha na serikali ikabeba sehemu tu ya hasara. Mkopaji bado alidaiwa pesa zote, jambo ambalo neno "dhamana" huwasahaulisha wengi.

Kuna kikwazo kingine. Mwongozo wa Benki Kuu wa 2010 ulitaka wakala wa benki awe tayari amefanya biashara halali kwa angalau miezi 18. Kikundi kinachokopa kwanza na kutafuta kampuni baadaye huenda kikabaki na deni lisilo na duka. Ni heri kupata barua ya kampuni na kibali cha biashara cha kaunti kabla ya kutia saini ya mkopo, kwa kuwa katika kikundi mmoja akishindwa kulipa, wenzake ndio hudaiwa.