Maneno ya Upendo na Asili Yake

Wengi wetu huanza barua kwa "Mpendwa", lakini ni wachache waulizao neno hili latoka wapi. Shina lake ni kupenda, neno la Kibantu lililozaa upendo, mapenzi, mpenzi na kipenzi. Lakini mahaba, huba na azizi yametoka katika Kiarabu, yakaingia kwa njia ya pwani. Azizi ni mtu apendwaye, tena ni kitu cha thamani kisichopatikana kila siku. Neno la Waingereza "dear" ni vivyo hivyo: hutajia mpendwa, na kitu cha bei kubwa pia.

Hapa milimani kwetu Usambara, Washambaa husema kukunda, maana yake kupenda na kutaka pamoja. Ndiyo lugha waliyoikuta wamisionari wa Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891. Mmoja wa waliowafuata, Karl Roehl, alifasiri Biblia nzima kwa Kiswahili, ikatolewa mwaka 1937. Naye alichagua maneno ya Kibantu kuliko ya Kiarabu. Katika tafsiri ya Union ya mwaka 1952, upendo ndilo neno la Wakorintho wa Kwanza, mlango wa 13. Bali mapenzi katika Sala ya Bwana ni matakwa.

Basi, ndugu wasomaji, kutaka na kupenda hukaa katika neno moja, lakini si jambo moja. Amtakaye mwenzake kwa haja yake, haja ikiisha humwacha; ampendaye hubaki naye hata katika ugonjwa na uzee. Tofauti hii na tuwafundishe vijana wetu kabla hawajaposa.