Ekutere za bure: historia ya kitu tulichofundishwa kudharau

Wandugu, mwaka wangu wa mwisho wa masomo hapa Lubumbashi nilikuwa narekodi maprofesa mu telefone, kiisha usiku nasikiliza tena kwa ekutere zilizotoka ndani ya karto ya ile telefone. Tulikuwa vijana wanne mu chumba kimoja, hakukuwa namna nyingine. Kwa mshahara wangu wa kwanza rafiki akaniambia: "Mzee, hizo za bure tupa, ile si sauti." Nikanunua zisizo na waya, dola 60. Dola hizo nilikuwa nimeziahidi kwa minerval ya mdogo wangu. Akarudishwa nyumbani wiki mbili.

Tangu hapo swali linanisumbua: zile za bure zilikuwa na kosa gani? Na mimi nilisoma historia, basi nikaanzia mbali.

Mwaka 1910, kule Utah, Marekani, Nathaniel Baldwin alikuwa anatengeneza vyombo vya kusikilizia mu jikoni ya nyumba yake, na jeshi la majini likavinunua. Vilikuwa vya kazi, si vya muziki. Mwaka 1958 John Koss akaleta vya muziki wa stereo, lakini vilikuwa vizito, vya kuvaa ukikaa nyumbani karibu na mashine.

Mambo yaligeuka tarehe 1 Julai 1979, Sony ilipotoa Walkman kule Japani kwa yeni 33.000. Watu wanakumbuka ile mashine ya kaseti, wanasahau kilichokuwa pamoja nayo: ekutere nyepesi, karibu gramu 50, wakati zile za zamani zilifika gramu 300 na zaidi. Na Walkman haikuwa na spika hata moja. Muelewe maana yake: kama ekutere ni mbaya, mashine yote ni mbaya. Kiwanda hakikuweza kumdanganya mnunuzi pale. Kile cha bure njo kilikuwa bidhaa yenyewe.

iPod ilipotoka mwaka 2001, dola 399, ilikuwa vilevile. Zile nyuzi nyeupe za ndani ya karto zikawa alama yake. Mtu alikuwa anaficha mashine mu mfuko lakini waya unaonekana, na kila mtu anajua ana nini.

Sasa angalia walivyoziondoa. Mwaka 2016 Apple ikafuta tundu la waya kwenye iPhone 7, na siku ileile ikaonyesha AirPods za kuuza pembeni. Oktoba 2020, iPhone 12 ikatoka bila ekutere mu karto. Wakasema ni kwa ajili ya mazingira. Lakini Ufaransa ziliendelea kuwekwa, kwa sababu sheria ya kule ilitaka telefone iuzwe na kifaa cha kuiweka mbali na kichwa, zaidi kwa ulinzi wa watoto. Sheria ilipobadilishwa mwisho wa 2021, zikatoweka huko pia, Januari 2022. Na zisizo na waya zinataka batri za litiamu, batri zinataka kobalti, nayo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa huku kwetu. Ile ni makala nyingine.

Na sauti je? Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alitangaza vipimo vya aina 283 za vyombo hivi, namna zinavyotoa sauti nzito na nyembamba. Hakukuta uhusiano kati ya jambo hilo na bei. Kupima si kila kitu: bei inaweza kulipia ugumu wa waya ama kuzuia makelele. Lakini yule anayekuambia "ghali njo sauti" hana ushahidi mkononi.

Kasoro zipo, nisiwadanganye. Ekutere ndogo zisizoziba sikio zinaacha makelele ya nje yaingie. Mu taxi-bus, motere inanguruma, reseveri anapiga kelele, wewe unapandisha sauti bila kujua. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzivumilia saa 40 kwa juma. Zikifika 90, ni saa 4 tu. Kwa chumba kimya za bure zinatosha kabisa. Kwa barabara, hapana, ama uzime. Na musizichanganye na zile za kutandikwa chini ku soko la Kenya, zenye jina la kiwanda kikubwa: zile hazikutoka mu karto yoyote, ni bahati nasibu.

Jambo moja hakuna aliyeniambia dukani. Redio ya FM ya telefone yangu inatumia waya wa ekutere kama antena. Siku umeme umekatika na megabaiti zimeisha, nilitaka habari za Radio Okapi. Zile za dola 60 hazikunisaidia kitu. Nikafungua droo, nikachomeka za zamani, redio ikashika palepale.

Za dola 60, upande wa kulia ulikufa kabla ya mwaka kuisha. Za zamani upande wa kushoto unakatika ukivuta waya, lazima uukunje hivi kidogo. Mdogo wangu njo anazitumia sasa, anajitayarisha kwa Exetat. Minerval yake ya mwaka huu nililipa mwezi wa tisa, yote, hata kabla hajaniuliza.