Kifungu cha 40: jinsi Kongo ilivyoiandika ndoa katika katiba

Mwaka 2006 Afrika ilipata sheria mbili za ndoa zenye kupingana. Tarehe 18 Februari, Rais Joseph Kabila alitangaza rasmi katiba mpya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kifungu chake cha 40 kikampa kila mtu haki ya kuoana na amchaguaye, mradi awe wa jinsia tofauti na yake. Tarehe 30 Novemba, Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza barani kuruhusu wanaume wawili au wanawake wawili wafunge ndoa ya serikali. Wakongomani waliokuwa wamekimbilia Johannesburg na Cape Town kwa sababu ya vita wakajikuta chini ya sheria moja, na ndugu zao waliobaki Kisangani, Bafwasende au Bukavu chini ya nyingine.

Bafwasende iko katika jimbo la Tshopo, kando ya mto Lindi, kilomita 260 hivi mashariki ya Kisangani, kwenye Barabara ya Taifa namba 4 inayokwenda Nia-Nia na Ituri. Huko, kama ilivyo karibu Kongo nzima, mazungumzo juu ya ndoa ya jinsia moja hukatwa upesi: si desturi yetu, ni mambo ya wazungu. Kauli hiyo inastahili kuchunguzwa kwa heshima, maana wanaoisema wanalinda kitu wanachokithamini. Lakini imebeba madai mawili: kwamba ndoa ya mababu ilikuwa moja na haikubadilika, na kwamba watu wanaopenda wa jinsia yao waliletwa na wageni. Historia ya jimbo hili haikubaliani na madai yote mawili.

Ndoa kabla ya cheti

Babali, Bandaka, Barumbi, Bakumu na majirani zao wa msitu waliijua ndoa kama mapatano ya koo mbili. Vijana wawili walikuwa sehemu tu ya jambo lenyewe. Wenye neno walikuwa wazee. Kwa Wambuti wa msitu wa Ituri, njia iliyozoeleka ilikuwa kubadilishana dada: ukoo uliotoa binti ulipokea binti. Kijana asiye na dada wa kumtoa alilazimika kutafuta binti mwingine wa ukoo wake, au kungoja. Kwingine ndoa ilijengwa kwa mahari, na mwanamume mwenye uwezo alioa wake kadhaa.

Mwaka 1897 Padre Gabriel Grison alifika Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, na kuanzisha misheni ya Mtakatifu Gabriel, mama wa parokia nyingi za Tshopo. Wabaptisti wa Uingereza nao walikuwa wamejenga Yakusu, chini kidogo ya mto. Misheni zote mbili zilifundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, yenye kiapo na daftari. Tarehe 4 Aprili 1950 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kupiga vita ndoa za wake wengi. Halafu, tarehe 1 Agosti 1987, Zaire ya Mobutu ikatoa Sheria ya Familia iliyounganisha mambo mawili: mahari kwa familia ya mke na uandikishaji kwa afisa wa serikali. Sheria hiyohiyo ilieleza ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke.

Basi harusi inayoonekana leo Bafwasende kuwa ya asili, yenye mahari kwanza, kanisa baadaye na karatasi ya serikali mwishoni, ilijengwa kwa tabaka katika muda wa karibu miaka mia moja.  Ndoa ya mke mmoja, iliyokuja kama jambo la kigeni, leo inatetewa kama urithi.

Mahari katika nchi ya Azande

Dai la pili lina ushahidi wa karibu zaidi. Hadi mwaka 2015 Tshopo, Uele zote mbili na Ituri zilikuwa jimbo moja, Jimbo la Mashariki. Kaskazini mwa jimbo hilo wanaishi Azande, ambao nchi yao inavuka mipaka hadi Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanaanthropolojia Mwingereza Edward Evans-Pritchard aliishi upande wa Sudan kati ya 1926 na 1930, akasikiliza wazee walioyajua maisha kabla ya utawala wa kigeni. Alichosikia kuhusu mapenzi ya jinsia moja alikichapisha baadaye sana, mwaka 1970.

Wazee walimsimulia kwamba katika majumba ya watawala wa Avongara, askari makapera waliweza kuchukua kijana kama mke. Askari aliwapelekea wazazi wa kijana mali kama mahari, akawaita wakwe zake na kuwafanyia kazi. Mtu mwingine akilala na kijana huyo, askari alidai fidia kama mume yeyote. Wake wa watawala nao walisemekana kuwa na uhusiano wao kwa wao, lakini huo uliogopwa sana, na mwanamke aliyegunduliwa aliweza kuuawa. Mila hizo zilififia baada ya Waingereza na Wabelgiji kuvunja majeshi ya wafalme mwanzoni mwa karne ya 20.

Sizileti habari hizi ili mtu aige. Vijana wale walikuwa wadogo, wengine watoto kabisa kwa sheria ya leo, na hakuna anayetuambia kama waliulizwa. Zinathibitisha jambo moja tu, nalo ni zito: uhusiano wa jinsia moja ulijulikana katika nchi ya Azande, ukatungiwa kanuni na kuamuliwa mashauri, kabla ya mzungu kufungua ofisi ya kwanza huko. Hata nje ya Kongo, Wakuria wa mkoa wa Mara, Tanzania, na Wanandi wa Kenya wamekuwa na desturi ya mwanamke kumwoa mwanamke ili kupata mrithi. Hiyo si ndoa ya mapenzi, lakini mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua katika shauri la urithi la Wanandi. Afrika imeijua ndoa katika sura nyingi.

Adhabu ndiyo iliyokuja na meli

Kama kuna kitu wazungu walileta kwa hakika, ni kifungo. Uingereza ilichukua sheria ya jinai iliyotungwa India mwaka 1860, ikaisambaza katika makoloni yake. Ndiyo maana Uganda, Kenya na Tanganyika zilirithi adhabu ya miaka jela. Ubelgiji ilifuata mapokeo ya sheria ya Kifaransa, ambayo yaliacha kuadhibu uhusiano wa faragha wa watu wazima tangu mwisho wa karne ya 18. Sheria ya jinai ya Kongo ya Ubelgiji, ya tarehe 30 Januari 1940, ndiyo msingi wa sheria tuliyo nayo, na haikutaja kosa hilo.

Tofauti hiyo bado inaonekana mpakani. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria inayofikia hukumu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Burundi, iliyotawaliwa na Wabelgiji kama sisi, ilianza kuadhibu mwaka 2009. Kongo haijafanya hivyo hadi leo. Kinachotumika ni kifungu cha 176 juu ya kukosea adabu hadharani, chenye adhabu ya siku nane hadi miaka mitatu. Ripoti za haki za binadamu zimeeleza mara nyingi jinsi kinavyotumiwa kukamata na kutishia, na jinsi tishio hilo linavyogeuka kuwa biashara ya rushwa.

Wawili wa barabara ya Epulu

Ukiendelea na barabara kutoka Bafwasende ukapita Nia-Nia, unafika Epulu. Hapo ndipo Colin Turnbull, Mwingereza, alipoishi na Wambuti katika miaka ya 1950, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1961 na kuutangaza msitu wa Ituri ulimwenguni. Wasomaji wengi hawakujua kwamba mwaka 1960 yeye na Joseph Towles, Mmarekani mweusi, waliwekeana ahadi ya kuishi kama wanandoa, wakati ambapo Marekani haikutambua ndoa yao, na jimbo la Virginia walikoishi baadaye lilikataza hata ndoa ya mweusi na mweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walirudi Epulu pamoja. Towles alichunguza jando na simulizi za Bambo, na kazi yake ilichapishwa na jumba la makumbusho la Tervuren baada ya kifo chake. Alikufa kwa ukimwi mwaka 1988, Turnbull akamfuata mwaka 1994. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayasoma juu ya watu wa msitu huu iliandikwa na hao wawili.

Kisangani, 2004 na 2024

Kisangani ina nafasi yake katika kifungu cha 40. Miaka minne baada ya majeshi ya Rwanda na Uganda kupigana kwa siku sita mjini humo, mwezi Juni 2000, maseneta wa kipindi cha mpito walikutana Kisangani kutengeneza rasimu ya katiba. Ubelgiji ilikuwa imeruhusu ndoa ya jinsia moja mwaka 2003, baada ya Uholanzi mwaka 2001. Sheria ya Familia ilikwisha kutaja mwanamume na mwanamke. Katiba ikaongeza kufuli. Wananchi waliipitisha kwa kura ya Desemba 2005.

Karibu miaka mitano baadaye walikuja waliotaka zaidi ya kufuli. Mwaka 2010 mbunge Évariste Ejiba Yamapia, kiongozi wa makanisa ya uamsho, alipeleka bungeni pendekezo la kuadhibu kile alichokiita matendo ya kingono yaliyo kinyume cha maumbile. Desemba 2013 Steve Mbikayi alileta lake, lenye kifungo cha miaka. Hakuna lililokuwa sheria. Tarehe 23 Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Félix Tshisekedi alitangaza nia ya kuunda tume ya kuitazama upya katiba. Katiba ikifunguliwa, kila kifungu kinaweza kuguswa, na wanaotaka adhabu watakuwa na mlango.

Kwa mlango huo, idadi iko upande wao. Afrobarometer ilipouliza watu wa nchi 33 za Afrika mwaka 2014 na 2015, asilimia 78 walisema wasingependa jirani mwenye mapenzi ya jinsia moja. Kanisa Katoliki nalo limesimama imara. Roma iliporuhusu Desemba 2023 baraka za kichungaji kwa wapenzi wa jinsia moja, maaskofu wa Kongo, chini ya urais wa Marcel Utembi, Askofu Mkuu wa Kisangani, walizikataa. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo alitangaza kukataa huko kwa niaba ya maaskofu wa Afrika.

Lakini tamko lilelile la Ambongo lilisema watu hao watendewe kwa heshima na utu. Papa Fransisko, siku chache kabla ya kufika Kinshasa mwaka 2023, alikuwa amesema kwamba kuwa na mapenzi ya jinsia moja si jinai. Serikali nayo, kupitia mapambano dhidi ya ukimwi, inawahesabu wanaume wanaojamiiana na wanaume katika makundi ya kufikiwa kwanza, na sheria ya Julai 2008 inakataza kumbagua mwenye virusi. Bukavu kuna shirika la Rainbow Sunrise Mapambazuko linalotetea haki za wapenzi wa jinsia moja. Kwa hiyo kuikataa ndoa na kumlinda mtu ni mambo mawili, na viongozi wetu wenyewe wameyatenganisha.

Mimi ninaamini ndoa itaendelea kubishaniwa, kama ilivyobishaniwa ndoa ya wake wengi, na kila upande una haki ya kusema. Usalama wa mtu hauna sababu ya kungoja mabishano hayo. Kifungu cha 16 cha katiba kinasema utu wa binadamu ni mtakatifu, na cha 31 kinalinda faragha yake. Sheria ya Kongo haikifanyi kuwa kosa kile mtu mzima afanyacho chumbani na mtu mzima mwenzake aliyeridhia, na hatuna sababu ya kuazima leo jela ambayo hata mkoloni wetu hakutuachia. Polisi waache kukigeuza kifungu cha 176 kuwa mtego wa pesa. Kituo cha afya kimpokee kila mgonjwa bila kumdhihaki. Na kwa kuwa katika nchi ya Lindi ukoo ndio uliokuwa na neno la mwisho juu ya ndoa, basi ukoo huohuo una uwezo wa kusema, bila kungoja bunge wala askofu, kwamba mtoto wake hatapigwa wala kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya yule anayempenda.