Kuelekeza milango ya mtandao katika seva ya Linux

Karani aliye Merti au Garbatulla akihitaji hesabu zilizohifadhiwa katika kompyuta ya ofisi kuu mjini Isiolo, mara nyingi hulazimika kupiga simu au kupanda gari, hata kama pande zote mbili zina intaneti. Kompyuta hiyo hutumia anwani ya ndani, mathalani 192.168.1.20, isiyofikika kutoka nje. Anwani za aina hiyo zilitengwa mwaka 1994 ili ofisi nyingi zizitumie bila kugongana, kwa kuwa anwani za kawaida za intaneti hazifiki hata bilioni 4.3.

Kuelekeza mlango ni kuiagiza seva iliyo mpakani mwa mtandao wa ofisi ipokee maombi yanayofikia mlango fulani na kuyapeleka kwa kompyuta ya ndani. Mlango hapa si tundu la kuchomekea waya, bali ni namba, kati ya 1 na 65535, inayotambulisha huduma. Tovuti salama, kwa mfano, hutumia 443.

Katika Linux, kazi hii hufanywa na kiini chenyewe cha mfumo. Amri ya iptables ilikuja na toleo la 2.4 mwaka 2001. Mrithi wake, nftables, aliingia mwaka 2014, ingawa amri za zamani zingali zikitumika. Ikiwa eth0 ndiyo upande wa intaneti, msimamizi wa seva ataandika:

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

iptables -t nat -A PREROUTING -i eth0 -p tcp --dport 8443 -j DNAT --to-destination 192.168.1.20:443

iptables -A FORWARD -i eth0 -p tcp -d 192.168.1.20 --dport 443 -j ACCEPT

Amri ya kwanza huiruhusu seva kupitisha mawasiliano ya wengine, ya pili hubadilisha anwani yaendako, na ya tatu huyafungulia njia. Majibu nayo sharti yarudi kupitia seva hiyohiyo. Zote hufutika seva ikizimwa, na umeme haukosi kukatika. Hivyo zihifadhiwe katika mafaili ya kuwashia mfumo.

Hata hivyo, kazi hukwama zaidi kwenye laini kuliko kwenye amri. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja. Eth0 ikionyesha anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64 na 100.127, ombi la nje halitafika kamwe. Tiba ni kukodi kwingineko seva ndogo yenye anwani ya wazi, kisha seva ya Isiolo ianzishe yenyewe mawasiliano nayo kwa WireGuard, programu iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020.

Mlango uliofunguliwa huonwa na kila mtu, wakiwemo wezi wenye programu zinazobisha hodi mchana na usiku. Ni busara kuongeza -s na anwani ya tawi katika amri ya pili na ya tatu ili wengine wasipite. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humbebesha mwenye kumbukumbu za watu wajibu wa kuzilinda.

Jaribio lifanywe kwa simu isiyotumia mtandao wa ofisi. Ombi litokalo ndani halipitii eth0, na huonekana kushindwa hata pale ambapo amri zote ni sahihi.