Mawazo ya Mgonjwa Aliyetengwa: Kutoka Kambi za Malale hadi Vituo vya Ebola

Historia ya maradhi ya kuambukiza katika nchi yetu imezoea kuandikwa kwa hesabu. Tunasoma idadi ya waliougua, ya waliokufa, ya vijiji vilivyokaguliwa na ya sindano zilizochomwa. Mgonjwa mwenyewe, akiisha kulazwa, hutoweka katika maandishi mpaka siku ya kupona kwake au ya maziko yake. Makala haya yanautazama muda ule wa katikati, yaani siku za kulala mahali pa kutengwa bila ndugu, pamoja na hofu na huzuni zinazompata mtu humo. Kiswahili sanifu kina maneno mengi ya hali hiyo: wasiwasi, simanzi, majonzi, na siku hizi sonona, neno ambalo wataalamu wa Tanzania hulitumia kwa ugonjwa wa huzuni. Huku kwetu watu husema kwa ufupi kwamba mgonjwa ana mawazo. Kwa maoni yetu neno hili limeona mbali, kwa maana lamtaja mtu anayewaza peke yake, asiye na wa kusemezana naye.

Tuanzie Kasongo, mji wa Maniema ambamo Kiswahili kilitia mizizi tangu siku za Tippu Tip. Hapo, mwezi wa Februari 1905, alifariki daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton, kwa homa ya kimputu, nayo ndiyo homa aliyokuwa akiichunguza. Dutton na mwenziwe John Todd walikuwa wametumwa na Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool kwa mwaliko wa Mfalme Leopold II, na tangu 1903 walikuwa wakizunguka nchi ili kujua malale yameenea wapi. Walishikilia kwamba tezi za shingo zilizovimba zatosha kumtia mtu katika shaka ya ugonjwa huo. Todd akashauri wenye dalili watengwe na walio wazima. Katika miaka iliyofuata utawala ukajenga kambi zilizoitwa lazareti.

Yafaa msomaji asimame kidogo hapa. Kipimo cha tezi kilimpata mtu ambaye bado alikuwa akilima, akivua samaki na kulea wanawe. Alipapaswa shingo, akaambiwa ni mgonjwa, akaondolewa nyumbani ilhali mwili wake haujamwambia lolote. Huko kambini aliwakuta wengine ambao maradhi yalikwisha kuwaingia ubongoni, wakisinzia mchana, wakipayuka, wakikonda. Aliyaona ya kesho yake kabla hayajamfikia. Dawa iliyotumika, atoksili, ilitokana na aseniki. Baadhi ya wagonjwa waliipata nafuu kwa muda, na wengine iliwapofusha macho. Maryinez Lyons, katika kitabu chake cha 1992 juu ya malale kaskazini mwa Kongo, ameonyesha kwamba wenyeji waliziona lazareti kuwa magereza na nyumba za kufia. Katika lazareti ya Ibembo, kwenye mto Itimbiri, wagonjwa walitoroka, na hata kuinuka dhidi ya wenye kuwalinda.

Katika hati za utawala, kutoroka ni kosa la nidhamu. Lakini kuna tatizo kubwa zaidi kwa mwanahistoria, nalo ni kwamba malale yenyewe huubadili moyo wa mtu. Yakifika ubongoni humfanya mgonjwa awe mzito, mkimya, mwenye hasira bila sababu, asiyejali chakula wala watu. Basi daktari aliyemwona mgonjwa ameketi uso ukutani, hasemi, alikuwa na jibu tayari: ni vimelea. Mara nyingi jibu hilo lilikuwa sahihi. Hata hivyo, mwanamke aliyetenganishwa na watoto wake, akawekwa mahali ambapo hakumwona anayerudi, naye angeketi vivyo hivyo. Hali mbili zilivaa sura moja, na ugonjwa ukapewa zote. Hatudai kwamba tunaweza leo kuzitenga katika makaratasi ya zamani. Tunadai tu kwamba yule aliyetoroka, akipita msituni usiku kurudi kwao, ametuachia ushahidi ambao vimelea haviuelezi.

Kutengwa kule kulilegezwa polepole. Tangu 1918 vikosi vya waganga vilianza kuwafuata watu vijijini, na wengi wakachomwa sindano bila kuhamishwa. Mwaka 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli, vidonge vinavyomezwa kwa siku 10, na mgonjwa anayefaa aweza kutibiwa karibu na nyumbani kwake.

Lile tatizo la sura moja lilisumbua hata hospitali za Ulaya. Mwaka 1983 madaktari Zigmond na Snaith wa Uingereza walitoa hojaji fupi ya maswali 14 kwa wagonjwa wa hospitali, saba ya wasiwasi na saba ya huzuni, wakiepuka kwa makusudi dalili za mwili kama kizunguzungu na maumivu ya kichwa, ili maradhi ya mwili yasihesabiwe kuwa maradhi ya moyo. Imetumika duniani kote. Lakini swali mojawapo lauliza kama mtu anajihisi mzito kuliko zamani, na mgonjwa wa malale angejibu ndiyo hata kama ana furaha. Lingine lafananisha hofu na vipepeo tumboni. Mfasiri akimpelekea mama wa Beni vipepeo hivyo, mama atadhani anaulizwa habari za minyoo. Afadhali amwulize kama roho i juu. Kazi hii ndogo ya maneno ni ya watu wa idara zetu kama ilivyo ya waganga.

Ebola iliirudisha kambi ya kutengwa kwa ukali mpya. Huko Yambuku mwaka 1976 waliugua watu 318 na kufa 280, na sindano zisizochemshwa za hospitali ziliueneza ugonjwa. Hofu ya kulazwa ilikuwa hofu ya mtu mwenye akili. Baada ya Kikwit, mwaka 1995, waliopona walipohojiwa walitaja woga, aibu na rafiki waliowakimbia, na imani iliyowatia nguvu.

Kisha ikaja Kivu ya Kaskazini. Mlipuko ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Nchi ilikuwa vitani. Uchaguzi wa Desemba 2018 uliahirishwa Beni na Butembo kwa kutaja ugonjwa huo, na watu wakazidi kushuku. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi, na hatutaki kuzipunguza ziwe moja. Lakini mtu aliyeingia humo alihudumiwa na watu waliofunikwa tangu utosini hadi nyayo, asiowaona uso, na jamaa zake nje hawakujua anafanywa nini.

Mambo mawili yaliibadili hali hiyo kwa kiasi. La kwanza ni dawa: mwezi wa Agosti 2019 ilijulikana kwamba dawa mbili zilipunguza vifo hadi thuluthi moja hivi ya waliozipata, na mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit. La pili ni ukuta. Huko Beni shirika la ALIMA lilitumia chumba cha plastiki angavu, chenye mikono ya mpira iliyoshonwa ukutani, hata mganga akaweza kumgusa mgonjwa bila kujifunika mwili mzima, na jamaa wakasimama nje, wakaonana na mgonjwa wao, wakazungumza naye. Kutoka lazareti za kwanza hadi ukuta huo ni zaidi ya miaka mia moja.

Waliopona nao waliajiriwa kukaa na wagonjwa, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga. Karibu na kituo cha Beni palikuwa na nyumba ya watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hakuna jamaa aliyeruhusiwa kuwabeba kabla siku za uangalizi kwisha. Waliwabeba wanawake waliopona, wakiwalisha na kuwabembeleza, na uso wao ulikuwa wazi.