Kwa nini Misiera bado hatuna redio yetu

Jamani, wengi mnatuuliza: ile pesa ya redio iliishia wapi? Pesa ipo. Tuwaeleze, ila tuanze na historia kidogo.

Mnakumbuka kwa nini tulichanga. Siku ya kugawa chakula ilibadilishwa, ujumbe ukapita WhatsApp, na wazee wasio na simu wakaja siku isiyo yao. Wakarudi na magunia matupu. Tukasema, hawa wana redio za betri, tuwafikie huko. Mbarara tukapata mtu wa kutuuzia transmita ndogo ya FM. Kabla ya kulipa tukamwuliza mzee mmoja jirani, zamani fundi wa redio kule Kongo. Akacheka: "Wanangu, na kibali?"

Redio ya wakimbizi si wazo jipya. Mwaka 1994 Redio Agatashya, yaani mbayuwayu, ilirusha habari kutoka Bukavu kwa wakimbizi waliojaa kambi za Kivu, mpaka vita vya 1996 vikainyamazisha.

Hapa Uganda redio ilianza 1954, na karibu miaka arobaini ikabaki ya serikali tu. Sanyu FM ikafungua njia ya redio binafsi mwishoni mwa 1993. Sheria zikafuata: ya vyombo vya utangazaji 1996, ya mawasiliano 1997, halafu ile ya 2013 iliyoweka yote chini ya UCC. Kurusha bila leseni ni kosa. Hata wenye leseni hawakuwa salama: Septemba 2009 vituo vinne vilifungwa Kampala, na CBS ilikaa kimya zaidi ya mwaka. Sasa sisi wakimbizi, bila karatasi yoyote, tungejitetea vipi?

Mzee akatufundisha na upande wa ufundi. Zamani redio ilienda kwa AM, mawimbi ya kati. Kituo cha kilohezi 1000 kina wimbi la mita 300, na mnara wake unataka robo yake, mita 75, pamoja na nyaya za shaba zilizofukiwa chini pande zote. Usiku wimbi hilo linagonga anga na kurudi mbali sana, linaingilia vituo vya nchi nyingine. Ndiyo maana nchi zilikaa Geneva mwaka 1975 kugawana masafa.

FM ni rahisi zaidi. Kwenye megahezi 100 robo ya wimbi ni sentimita 75 tu. Lakini FM haipendi milima, na hapa Isingiro milima ipo. Tena juu ya megahezi 108 tu yanaanza masafa ya ndege. Transmita mbovu inamwaga kelele mpaka huko.

Basi hatukununua. Kwa sasa tunapita na megafoni nyumba kwa nyumba, na tumeanza kuomba nusu saa kwa wiki kwenye kituo chenye leseni Mbarara.

Ndugu zetu wa mashirika, mkiandika mradi wa redio, msiweke transmita peke yake kwenye bajeti. Wekeni leseni, mnara, kinga ya radi, umeme na mshahara wa fundi. Na nyinyi vijana, kabla tarehe ya chakula haijabadilika tena, kila mmoja achague mzee mmoja asiye na simu. Huyo ni wako.