Landrova Kuukuu na Safari ya Kiangazi: Maandalizi ya Gari katika Historia ya Songea

Utamaduni wa taifa haupatikani katika ngoma, mavazi na hadithi peke yake. Umo pia katika kazi za mikono ya watu, katika namna wanavyotunza vyombo vyao, na katika namna wanavyojiandaa kuukabili umbali. Katika mkoa wa Ruvuma umbali umekuwa mwalimu mkali kwa miaka mingi. Toka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900, na hadi pwani ya Lindi, kwa njia ya Tunduru na Masasi, ni zaidi ya kilometa 500. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kueleza jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kazi ya kuiandaa Landrova kuukuu kwa safari ndefu ya kiangazi. Huenda mwanafunzi akauliza: gari lililoundwa Uingereza laweza vipi kuwa sehemu ya utamaduni wa Mtanzania? Swali hilo ni la haki, na hapana budi tulijibu.

Watu wa Songea walizijua safari ndefu kabla gari halijafika. Wangoni wenyewe walifika katika nchi hii katikati ya karne ya 19, baada ya mwendo wa miaka mingi kutoka kusini mwa Afrika. Waliuvuka mto Zambezi mwaka 1835. Njia ya misafara iliunganisha Ziwa Nyasa na Kilwa, na katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, binadamu waliofungwa minyororo. Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Mji ukachukua jina la Nduna Songea Mbano, shujaa wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, aliyenyongwa na wakoloni mwaka 1906. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 maelfu ya watu wa nchi yetu walilazimishwa kuwa wapagazi, na wengi hawakurudi. Baadaye, chini ya Waingereza, vijana wa Songea walichukuliwa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Shirika la waajiri lililojulikana kwa jina la SILABU, lililoanzishwa mwaka 1944, lilikusanya wafanyakazi kutoka wilaya za mbali kama hii, nao wakaitwa manamba.

Katika safari hizo zote palikuwa na elimu ya maandalizi. Msafiri alipima posho yake, akajaza kibuyu chake maji, akauliza habari za mito na wanyama wakali, akatafuta mwenziwe aijuaye njia. Msafara usio na akiba uliangamia. Elimu hiyo haikufa gari lilipokuja. Ilihamia katika chombo kipya.

Landrova ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jipu la jeshi la Kimarekani katika shamba lake, naye akatamani gari la namna hiyo lililotengenezwa kwao. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi ilitengenezwa kwa bati la mchanganyiko wa aluminiamu, nayo chesisi ikabaki ya chuma. Uhaba huo ukawa baraka katika nchi za mvua nyingi, maana bodi haikuliwa na kutu upesi. Gari lilikuwa na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, na lilikuwa na gia nzito za kupandia milima na kutokea matopeni. Aidha, lilikuwa rahisi kufunguliwa na kufungwa tena kwa spana chache.

Tusisahau kwamba gari hili lilikuja kwetu kama chombo cha mtawala. Bwana Shauri alilitumia kukusanya kodi na kutoa amri. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 chombo kilekile kikabadilishiwa kazi. Kikabeba dawa za chanjo, vitabu vya shule, masanduku ya kura, mabwana shamba na wauguzi. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vya 1964 hadi 1974, Songea ilikuwa karibu na mpaka wa mto Ruvuma, na magari yaliyoweza kupita porini yalikuwa na thamani kubwa kuliko uzuri wa sura yao. Chombo hakina siasa yake chenyewe. Siasa ni ya yule aliyekishika usukani.

Sasa na tutazame majira. Kusini mwa nchi yetu kuna msimu mmoja mkubwa wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Zamani, barabara za udongo zilipolowa, udongo mwekundu wa milima ya Umatengo uliteleza kama sabuni, na mteremko wa Lukumburu, katika njia ya kwenda Njombe, ukawa tishio kwa kila dereva. Upande wa Tunduru msafiri alikutana na mchanga na mapori marefu yasiyo na msaada. Mambo mengi yaliahirishwa hadi kiangazi. Kuanzia Juni, mahindi na tumbaku vilipovunwa, barabara zilifunguka, na ndipo gereji za Songea zilipojaa. Warsha za misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, nazo zilikuwa mahali pa kujifunzia ufundi kwa vijana wengi.

Kuiandaa Landrova kuukuu kulikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulifuatwa kama mwalimu afuatavyo ratiba. Fundi alianza chini, si juu. Aliingia uvunguni akaikwangua chesisi na kutoa matope yaliyoganda tangu masika, kwa sababu matope hushika unyevu na unyevu huzaa kutu. Akagonga chuma kwa nyundo ndogo akisikiliza: palipo pazima palilia, palipooza paliitika kwa sauti ya kufa. Penye ufa palichomelewa, kisha chesisi ikapakwa mafuta machafu ya injini ili kuikinga. Baada ya hapo akatazama springi, jani moja baada ya jingine, na boliti zinazozishika. Jani moja lililopasuka likiachwa, huvunjika njiani na kuyavunja mengine. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kisha ikafuata zamu ya mafuta na grisi. Mafuta ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili yalimwagwa na kutiwa mapya. Fundi alisugua mafuta ya zamani kati ya vidole vyake akitafuta chembe za chuma, maana chembe hizo ni habari ya jino la gia linalokwisha. Breki zilifunguliwa, beringi za magurudumu zikapakwa grisi, propela ikatikiswa kwa mkono kuona kama inacheza. Ndipo injini ikaguswa: plagi zikasafishwa, pointi zikapigwa msasa, mkanda wa feni ukapimwa, rejeta ikasukutuliwa kwa maji safi. Magari ya matoleo ya zamani yaliweza pia kuwashwa kwa hendeli, na dereva mwenye hekima hakukubali kuondoka bila hendeli yake, maana betri yaweza kufa mahali pasipo na mtu wa kusukuma.

Mwisho ulikuwa upakiaji. Paliwekwa tairi mbili za akiba, mipira ya ndani, viraka na solusheni, pampu ya mkono, jeki na ubao mgumu wa kuiwekea jeki penye mchanga. Paliwekwa koleo, shoka, panga na kamba nene. Paliwekwa madebe ya petroli na ya maji, mkanda wa feni wa akiba, waya, na mche wa sabuni. Msomaji asidhani kwamba sabuni hiyo ilikuwa ya kuogea tu. Tangi la petroli likitoboka kwa jiwe, sabuni ilikandwa na kuzibwa pale penye tundu, nayo ilizuia uvujaji hadi mji uliofuata, kwa sababu petroli haiyeyushi sabuni kama maji yanavyofanya.

Ujuzi wa namna hiyo ulikuwa mwingi. Jua lilipokuwa kali hata petroli ikageuka mvuke ndani ya bomba na injini ikazima, utingo alifunga kitambaa chenye maji katika pampu ya petroli na kusubiri. Kabla ya kuvuka mto, mkanda wa feni ulifunguliwa ili feni isirushe maji juu ya nyaya za moto. Shafti ya gurudumu la nyuma ilipovunjika kwa uzito wa mzigo, shafti za nyuma ziliweza kuondolewa, na gari likaendelea pole pole kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Mafundi waliyajua hayo kwa mikono, wakamrithisha utingo, naye utingo akawa fundi wa kesho.

Thamani ya elimu hiyo ilidhihirika zaidi wakati wa dhiki. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambapo magari mengi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kulihudumia jeshi. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri vikaadimika pamoja nazo. Hata hivyo mahindi ya Ruvuma yalitakiwa kulisha miji, na wagonjwa walitakiwa kufikishwa hospitali. Katika miaka hiyo mafundi walichonga bushi kwa vipande vya tairi kuukuu, wakaunganisha magari mawili mabovu yakawa moja zima. Bila wao, kujitegemea kungebaki neno la jukwaani.

Hali ilibadilika. Katika miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea ilijengwa kwa lami kwa msaada wa Uingereza, na safari ya Njombe ikawa ya saa chache. Tangu mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje yalianza kulegezwa, na magari ya Kijapani yakaongezeka. Katika miaka ya 2010 lami ilifika Mbinga, na ile ya kwenda Tunduru ikakamilishwa. Mwezi Januari 2016 Landrova ya mtindo ule wa asili iliacha kuundwa Uingereza. Hatupaswi kulilia matope. Mama mjamzito aliyewahi kukwama Lukumburu hatatamani barabara ya zamani irudi. Lakini lami haimalizi haja ya ufundi. Kijana aliyezoea kubadilisha kipuri kizima bila kuuliza kwa nini kimekufa, huyo ameupoteza urithi ambao babu yake aliupata kwa shida.

Mapenzi ya magari hayo, hata hivyo, hayajatoweka. Mwezi Oktoba 2024 Landrova nyingi mno zilikusanyika Arusha katika tamasha maalumu, baadhi zikiwa za umri wa miongo mingi. Ni jambo la kufurahisha. Lakini gwaride hupita kwa siku moja, nao ujuzi uliolifikisha gari kuukuu gwarideni huchukua maisha ya mtu. Magari yale yakihifadhiwa na mafundi wakasahauliwa, tutakuwa tumetunza ganda na kutupa kiini.

Sasa twaweza kulijibu swali la mwanafunzi. Chombo chaweza kutoka nchi yoyote, bali utamaduni ni ule uhusiano ambao watu huujenga nacho: maneno waliyokipa, utaratibu waliouweka, heshima kati ya fundi na mwanafunzi wake, na wajibu wa kutomwacha msafiri aliyekwama. Mambo hayo hayakuletwa na meli. Yalikuwako tangu siku za kibuyu na posho.

Walimu wa Songea, na wa mahali pengine, wanaweza kuifanya kazi hii bila gharama kubwa. Wawapeleke wanafunzi gereji, wawaketishe mbele ya fundi mzee, waandike maneno yake: majina ya sehemu za gari kama anavyoyatamka, njia alizopita, mito iliyomshinda na ile aliyoishinda. Mafundi waliozitengeneza Landrova za miaka ya kwanza ya Uhuru sasa ni wazee sana, na kila kiangazi kipitacho idadi yao hupungua. Kazi hiyo ifanywe wangali wapo wa kuulizwa.